Viraka vya Mstari Mmoja: Historia ya Wafagizi wa Kerneli ya Linux

Najua kimya kimekuwa kirefu hapa, kazi za watu zimenibana kweli kweli (anayelipa mshahara ndiye mwenye saa). Leo nimeiba muda kidogo nieleze jambo lililonikaa kichwani tangu siku nilipotuma kiraka changu cha kwanza kwenye kerneli ya Linux, nikaulizwa swali moja tu, nikanuna siku mbili.

Kwa wageni wa mambo haya: kerneli ni kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu inayozungumza na vifaa vyenyewe na kuzigawia programu nyingine kumbukumbu na muda wa prosesa. Ukiwa na simu ya Android mfukoni, unatembea na kerneli ya Linux. Na kwa kuwa ni programu huria, mtu yeyote anaweza kuusoma msimbo wake, akaubadilisha, akatuma mabadiliko yake kwa baruapepe. Mabadiliko hayo ndiyo tunayaita kiraka: mstari wenye alama ya kutoa umeondolewa, wenye alama ya kujumlisha umeongezwa. Basi.

Kiraka changu kilikuwa na alama moja ya kutoa. Nilikuwa nimemaliza shahada yangu ya sayansi ya tarakilishi, najiona bingwa, napekua msimbo wa kiendeshi cha kadi moja ya zamani ya mtandao. Nikaona mstari unaosoma thamani kutoka kwenye kifaa halafu hauifanyii chochote. Haihifadhiwi, hailinganishwi na kitu, inatupwa tu. Uchafu! Nikaufuta, nikaandika maelezo mazuri, nikatuma. Jibu la mtunzaji wa kiendeshi kile lilikuja baada ya siku nne: je, unacho kifaa hiki, na umejaribu? Sikuwa nacho. Mstari mmoja jamani, wa kujaribu nini?

Nilipopoa nikaanza kusoma jinsi kerneli ilivyofika hapo, nikakuta kwamba swali la aina hiyo limekuwa likiulizwa tangu kabla sijaingia chekechea. Kusema kweli, historia ya usafi mdogo mdogo wa kerneli ni historia ya kumtafuta mtu wa kuusoma. Kufagia kila mtu anaweza. Nani atakagua kilichozolewa, asije akakuta pete ya mwenye nyumba imo kwenye taka?

Tuanzie mwanzo. Tarehe 25 Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kwamba anatengeneza mfumo endeshi kwa kujifurahisha. Toleo 0.01 lililotoka mwezi uliofuata lilikuwa na takriban mistari 10,000. Msimbo wa kiasi hicho mtu mmoja anaweza kuusoma wote kwa siku chache na akabaki na muda wa kufua nguo. Machi 1994 toleo 1.0 lilikuwa na mistari 176,250. Leo imepita milioni 30. Fanya hesabu mwenyewe uone kama kuna kichwa cha binadamu kinachoweza kubeba hayo.

Utaratibu wa siku zile ulikuwa rahisi: unamtumia Linus kiraka, akikipenda anakiweka. Asipokipenda, au asipokiona, au akiwa amechoka, anakaa kimya. Hakuna barua ya kukataliwa. Unatuma tena, na tena... Kiraka kikubwa kina mwenyewe wa kukipigania, lakini kiraka cha kusahihisha neno moja nani atakituma mara sita? Mwaka wa 1998 manung'uniko yalilipuka hadharani. Januari 2002 yakarudi, na Rob Landley akapendekeza ateuliwe mtu maalumu wa kukusanya viraka vidogo na kumfikishia Linus. Linus alikataa. Hoja yake kwa ufupi ilikuwa kwamba yeye hufanya kazi na watu wachache anaowaamini, nao wana wao wanaowaamini, na hiyo ndiyo njia pekee ambayo kazi itaweza kupanuka. Mwezi uliofuata alianza kutumia BitKeeper, programu ya kuhifadhi historia ya msimbo, na mzigo ukapungua kidogo.

Lakini pembeni tayari kulikuwa na watu waliokwisha kujipa kazi ya ufagio. Arnaldo Carvalho de Melo wa Brazili alianzisha kundi lililojiita wafagizi wa kerneli, lenye orodha ya mambo ya kusafisha ambayo mgeni angeweza kuchagua moja. Rusty Russell, Mwaustralia, naye akajiita Tumbili wa Viraka Vidogo: ukimtumia kiraka chepesi, yeye ndiye atakayekisukuma mpaka kiingie. Baadaye kazi hiyo ya tumbili ikapita kwa Adrian Bunk, kisha ikafika kwa Jiri Kosina.

Msidhani orodha ile ilikuwa ya mapambo tu. Mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuondoa check_region kwenye viendeshi. Kiendeshi kilikuwa kinauliza kwanza, je, anwani hizi za kifaa ziko wazi? Kikiambiwa ndiyo, kinakwenda kuzichukua kwa request_region. Tatizo liko katikati: baina ya kuuliza na kuchukua, kiendeshi kingine kinaweza kuwahi. Ni kama kumuuliza makanga wa matatu kama kiti kipo, ukaenda kununua maji, ukarudi ukidhani bado ni chako. Dawa ni kuchukua moja kwa moja na kukubali jibu la hapana. Kwa macho ni mabadiliko ya mistari miwili mitatu kwenye kila kiendeshi. Kwa kazi, ni hitilafu halisi inayoondoka.

Sasa Novemba 2003. Hapa naomba tukae kidogo, maana ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote.

Hifadhi rasmi ya msimbo ilikuwa BitKeeper, lakini kwa wale wasiotaka kuitumia kulikuwa na nakala nyingine kwenye mfumo uitwao CVS. Mtu asiyejulikana aliingia kwenye seva ya ile nakala na kuchomeka mistari miwili ndani ya funksheni ya wait4. Ukiisoma haraka inasema hivi: kama mtumiaji ameomba mchanganyiko fulani wa ajabu wa vigezo, na kama namba yake ni sifuri, mrudishie ujumbe wa kosa. Inaonekana kama tahadhari ya mtu mwangalifu. Ila sehemu ya pili iliandikwa current->uid = 0, kwa alama moja ya usawa. Katika lugha ya C, alama mbili ndizo zinazouliza. Alama moja inaweka. Kwa hiyo yeyote ambaye angeita wait4 na mchanganyiko ule angepewa namba sifuri, ambayo ni namba ya mtumiaji mkuu, mwenye funguo zote za nyumba. Na kwa sababu thamani ya sifuri huhesabiwa kuwa si kweli, hata ule ujumbe wa kosa usingetokea. Kimya kabisa. Herufi moja!

Kiligunduliwaje? Hakuna aliyekuwa na macho ya tai siku ile. Larry McVoy, mwenye kampuni iliyotengeneza BitKeeper, alieleza kwamba badiliko lile kwenye CVS halikuwa na kumbukumbu inayolingana nalo upande wa BitKeeper. Lilionekana kwa sababu halikuwa na baba. Halikuingia kwenye hifadhi rasmi, lakini watu walijiuliza (nami najiuliza mpaka leo): je, kama lingetumwa kama kiraka cha kawaida, na barua ya heshima yenye kichwa kinachosema "usafi mdogo wa wait4", mkaguzi aliyesoma viraka hamsini tangu asubuhi angeliona?

Suala la baba wa msimbo lilizidi kukaza mwaka wa 2004, kwa sababu nyingine. Kampuni ya SCO ilikuwa imeishtaki IBM mwaka wa 2003 ikidai msimbo wake umeingizwa kwenye Linux, na Mei 2004 Linus akapendekeza kila kiraka kiwe na mstari wa Signed-off-by, yaani kila mtu aliyekishika aweke jina lake kuthibitisha kwamba ana haki ya kukitoa. Hata ukifuta nafasi moja tupu, jina lako litakaa hapo milele. Aprili 2005, ruhusa ya bure ya BitKeeper ilipoondolewa, Linus aliandika git, na Juni mwaka huo toleo 2.6.12 likawa la kwanza la kerneli kutolewa kwa chombo hicho. Kwa wanaotumia git kila siku kazini na hawajui ilikozaliwa, ndiyo hiyo.

Git ilileta jambo ambalo wafagizi hawakulifurahia. Ukiwa na hitilafu kwenye mstari fulani unauliza git blame: nani aliugusa mstari huu mara ya mwisho, na alisema nini? Kama aliyeugusa mwisho ni mtu aliyebadilisha nafasi tupu kuwa Tab, unapata jina lake na maneno "usafi wa mtindo", na ile sababu ya kweli iliyoandikwa miaka mitano nyuma imefunikwa. Itakubidi uchimbe zaidi. Halafu kuna matoleo thabiti yanayotunzwa pembeni tangu 2005: ukinyoosha msimbo kwenye toleo jipya, kiraka cha usalama kitakachokuja baadaye hakitaingia vizuri kwenye toleo la zamani. Kumbe usafi una bili, na bili inamfikia mtu mwingine.

Mwaka wa 2007 ikaingizwa checkpatch.pl, programu ndogo inayosoma kiraka na kupiga kelele ikiona mtindo umekiukwa. Mtindo wa kerneli una waraka wake, ambao unaanza kwa kukushauri uchapishe kanuni za uandishi za GNU kisha uzichome moto. Tab moja ni nafasi nane, mstari usipite herufi 80 (mwaka wa 2020 checkpatch ililegezwa ikaruhusu 100). Lengo la checkpatch lilikuwa kumpunguzia mkaguzi kazi ya kutaja vitu vile vile kila siku. Lakini mnawajua binadamu... Watu wakaanza kuielekeza kwenye msimbo wa zamani unaofanya kazi bila shida, wanakusanya malalamiko yake, na kutuma kila lalamiko kama kiraka. Watunzaji wengi walikuja juu. Chombo cha kumwokolea mkaguzi muda kikageuka mashine ya kuumaliza.

Greg Kroah-Hartman alipata njia ya katikati. Mwaka wa 2008 alifungua saraka ya drivers/staging, mahali pa kuweka viendeshi vinavyofanya kazi lakini vimeandikwa vibaya mno. Hapo ufagio unaruhusiwa, tena unatakiwa. Mgeni anajifunza kuandika maelezo, kugawanya kazi, kujibu maswali, bila kuharibu moyo wa mfumo. Mwaka wa 2010 kwenye mkutano wa FOSDEM kule Brussels aliwafundisha watu hadharani jinsi ya kutuma kiraka chao cha kwanza. Na kwa wanaorudia makosa yale yale ana roboti la barua: umesahau Signed-off-by, umefanya mambo matatu kwenye kiraka kimoja, hujaeleza sababu. Tangu 2013 mpango ambao sasa unaitwa Outreachy umekuwa ukiwapitisha waombaji wa kerneli kwenye mlango huo huo wa viraka vya usafi. Mimi nilipita dirishani, ndiyo maana nikaumia.

Haya, mkaguzi anaangalia nini hasa kwenye mstari mmoja? Chukua toleo 2.6.30 la mwaka wa 2009. Kwenye kiendeshi cha tun, kinachotumika sana na VPN, kulikuwa na funksheni yenye ukaguzi wa kawaida: kama kielekezi tun ni tupu, ondoka na kosa. Ukaongezwa mstari juu yake unaochukua tun->sk na kuiweka kwenye jina fupi. Unavutia macho, vitu vyote vimetangazwa juu kwa mpangilio. Lakini sasa kielekezi kinatumika kabla ya kukaguliwa, na kompaila ikafikiri hivi: kama umeshakitumia basi hakiwezi kuwa tupu, na kama hakiwezi kuwa tupu ukaguzi huu ni wa bure. Ikaufuta. Julai 2009 Brad Spengler alionyesha jinsi mtumiaji wa kawaida anavyoweza kupitia hapo mpaka kuwa mtumiaji mkuu. Kerneli ikaanza kukompailiwa kwa amri ya kuizuia GCC isifute ukaguzi wa namna hiyo. Msimbo ulikuwa na mistari yote inayotakiwa, ila mpangilio wake ulikuwa umepinduka.

Mfano mchungu zaidi uko nje ya kerneli, lakini siwezi kuuacha. Mwaka wa 2006 watunzaji wa Debian walisumbuliwa na maonyo ya programu ya Valgrind kuhusu OpenSSL: kuna mahali inatumia kumbukumbu isiyojazwa. Mistari miwili ikaondolewa, maonyo yakanyamaza, safi kabisa. Tena swali liliulizwa kwanza kwa barua, na jibu halikupinga. Mmojawapo wa mistari ile ndio uliokuwa unamimina unasibu kwenye mashine ya kutengeneza funguo za siri. Kilichobaki kama chanzo cha bahati nasibu ni namba ya mchakato, ambayo haifiki 33,000. Luciano Bello aligundua, tangazo likatoka Mei 2008, na kwa takriban miezi 20 funguo za SSH zilizotengenezwa kwenye Debian na Ubuntu zilikuwa zinaweza kukisiwa zote kwa zamu. Wasimamizi wa seva duniani kote walilazimika kuzitupa na kuanza upya.

Nisiwatishe lakini, maana kuna usafi ulioleta heri. Katika C, ukisahau neno break kwenye switch, utekelezaji unatiririka mpaka kisa kinachofuata. Wakati mwingine mwandishi ametaka hivyo, wakati mwingine amesahau, na kwa macho havitofautiani. Gustavo A. R. Silva alitumia miaka akipita kwenye kerneli nzima, mahali kwa mahali, akiuliza: hapa ilikusudiwa? Kama ndiyo, aliweka alama. Kama siyo, amepata hitilafu, na alizipata, nyingine zilizokaa miaka mingi. Toleo 5.3 la mwaka wa 2019 likawasha onyo hilo la GCC kwa kerneli yote. Upande mwingine Julia Lawall na wenzake walitengeneza Coccinelle, chombo cha kuandika kanuni moja ya badiliko na kuipitisha kwenye mamia ya faili. Hicho kinamsaidia mkaguzi kweli, maana anasoma kanuni moja badala ya viraka mia.

Kisha ukaja Aprili 2021. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikuwa wameandika makala kuhusu jinsi ya kupenyeza mianya ya kiusalama kwenye programu huria kupitia viraka vidogo vinavyojifanya kusahihisha kosa. Kwa ajili hiyo, mwaka wa 2020 walituma viraka vitano kwa majina ya uongo. Viraka vyenyewe vilikuwa vya mistari michache, vya njia za makosa, zile sehemu za msimbo ambazo hazipitiwi ila mambo yakiharibika. Mwezi huo wa Aprili vilipoonekana viraka vingine visivyoeleweka kutoka chuo hicho, Greg alisema yatosha: michango yote kutoka chuo kile ikazuiwa. Watafiti waliomba radhi na makala ikaondolewa kwenye mkutano uliokuwa umeipokea.

Ripoti ya bodi ya kiufundi ya Linux Foundation, ya tarehe 5 Mei 2021, ilisema viraka vya uongo vilivyokuwa vibaya vilikataliwa au havikupokewa. Sawa, ukaguzi ulifanya kazi. Lakini mimi niliposoma ripoti ile nilikwama kwenye hesabu nyingine. Watu walilazimika kurudi na kukagua michango 435 iliyowahi kutoka chuo kile kwa miaka yote. 349 ilikuwa sawa. 39 ilikuwa na makosa yanayohitaji kurekebishwa, na mingine 25 ilikuwa na makosa yaliyokwisha kurekebishwa na wengine. Mingi ya hiyo ilikuwa imetumwa kwa nia safi kabisa! Hakuna hila, hakuna jaribio, ni watu waliosahihisha kidogo na kukosea kidogo, na wakaguzi wakapitisha. Hilo ndilo lililonifanya nirudi kwenye barua yangu ya kwanza kwa aibu.

Maana mtunzaji yule, niliponyenyekea na kumuuliza, alinieleza. Kadi ile hukaa kwenye basi ya PCI, na tarakilishi ikiandika kitu kwenda kwenye kifaa kupitia PCI, maandishi hayo yanaweza kusubiri njiani kwanza. Ukisoma kutoka kwenye kifaa kile kile, kusoma kunayasukuma yaliyotangulia yafike. Thamani inayosomwa haina kazi, kusoma kwenyewe ndiko kazi. Bila mstari ule, kadi ingeambiwa ijizime, msimbo ungeendelea mbele ukidhani imezima, kumbe amri bado iko barabarani. Kwenye mashine moja ingefanya kazi mwaka mzima. Kwenye nyingine ingekwama mara moja kwa wiki, na mtu angehangaika usiku akitafuta chanzo.

Nikatuma kiraka cha pili. Kilikuwa na alama moja ya kujumlisha: mstari wa maelezo juu ya usomaji ule, unaosema kwa nini upo na kwamba usifutwe. Aliuliza mara moja tu, kuhusu neno nililoliandika vibaya. Nikasahihisha, akakipokea baada ya siku tatu.